Uongozi hufunzwa pia uwanjani

Mwanafunzi hawi kiongozi kwa kuvaa kitambaa cha nahodha tu. Huhitaji kazi yenye maamuzi, nayo michezo huitoa mapema: kupanga kikosi, kutunza mipira, kuchezesha mechi na kusuluhisha ugomvi wa wenzake.

Pwani ya Kenya, mfano ulio wazi ni Moving the Goalposts, shirika lililoanzishwa mwaka 2001 mjini Kilifi, kaskazini mwa Mombasa, kwa ajili ya soka ya wasichana. Huko wasichana hawachezi tu. Huchaguliwa kuingia katika kamati, huwa makocha na marefa, na huwaelimisha wenzao kuhusu afya. Msichana anayepuliza kipenga mbele ya wazee wa kijiji, akashikilia uamuzi wake huku akizomewa, amekwisha kupata somo lisilo katika kitabu chochote.

Jijini Nairobi, chama cha vijana cha MYSA, kilichoanzishwa Mathare mwaka 1987, kiliweka sharti jingine: timu hupata alama za ligi kwa kusafisha mitaa.

Haya yote yataka nafasi, na kisiwani Mombasa nafasi ni haba. Mtaani Buxton, nyumba za zamani zilianza kubomolewa mwaka 2021 kupisha maghorofa. Mwalimu asiye na uwanja aweza kuanzia uani mwa shule, kwa kuruka kamba na mbio za kupokezana vijiti, mradi zamu ya kuongoza imfikie kila mtoto, hata yule mwenye haya ambaye hajapata kufunga bao.