Susi Baada ya Chuma

Ukitoka Kiwangwa kwenye mananasi hadi Bagamoyo mjini, utaoneshwa mnara wa kanisa ulikolazwa mwili wa Livingstone Februari 1874. Mimi huwawaza waliombeba, hasa Abdullah Susi na James Chuma. Susi alitoka Shupanga, Msumbiji. Chuma alikuwa Myao aliyeokolewa utumwani 1861. Kazi ndiyo iliyowakutanisha. Lakini watu wakishabeba maiti miezi 9 kutoka kwa Chitambo, sidhani kama wanabaki wafanyakazi wenza tu. Wakaenda Uingereza, wakamsaidia Horace Waller kuandaa shajara za marehemu. Chuma alifariki 1882. Susi akaishi hadi 1891. Jamani, mwenzako akiondoka, nani tena atasema, "Kweli, tulikuwa wote"? Livingstone alizikwa Westminster Abbey. Hawa wawili tuwakumbuke sisi, tena kwa pamoja.