Sensa ya joto la maji: ipime kwanza, ndipo uibadilishe

HiAce ya zamani ya petroli ikianza kunywa mafuta, kutoa moshi mweusi na kusumbua kuwaka ikiwa moto, mafundi wengi hukimbilia plagi na pampu. Kwa dereva anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, kubahatisha namna hiyo humaliza faida. Mimi hushauri ianzwe sensa ya joto la maji.

Ndani ya sensa hiyo, ukinzani wa umeme hupungua kadiri maji yanavyopata moto. Kompyuta ya injini husoma ukinzani huo, na ikiona injini ni baridi huongeza petroli. Sensa iliyochoka huendelea kudai "baridi" hata maji yakiwa moto. Usingoje taa ya injini: katika magari haya kwa kawaida huwaka waya ukikatika au ukigusana, si sensa inapodanganya kidogo.

Ya kompyuta ina nyaya mbili. Yenye waya mmoja ni ya geji ya deshibodi, usizichanganye.

Injini ikiwa baridi, chomoa soketi. Ukiona ukutu wa kijani, usafishe kwanza, maana hewa yetu ya chumvi hula vyuma vya soketi. Kisha weka mita kwenye omu. Sensa nzima ya Toyota hizi husoma omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Asubuhi ya Mombasa ina joto zaidi ya 20, hivyo tarajia karibu 2,000 au pungufu kidogo. Vipimo vikiwa sawa, sensa haina kosa, fuatilia nyaya.

Ikiwa ni mbovu, nunua nyingine, lakini uipime kabla ya kuifunga: itumbukize ncha katika kikombe cha maji moto uone omu zikishuka. Bandia ni nyingi.

Wakati wa kufunga, usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto; maji yake huunguza vibaya. Toa waya hasi wa betri, punguza maji, weka wosha mpya, na usikaze kwa nguvu usije ukaharibu nyuzi za skrubu. Jaza maji, washa injini mpaka hewa itoke, kisha ongeza yaliyopungua.

Mita ya bei ndogo itakuokolea vipuri ambavyo gari halikuvihitaji.