Palapa

Palapa ni mfululizo wa setilaiti za mawasiliano za Indonesia. Ya kwanza, Palapa A1, ilitengenezwa na kampuni ya Hughes ya Marekani na kurushwa kwa roketi ya Delta kutoka Cape Canaveral tarehe 8 Julai 1976. Indonesia ikawa nchi ya kwanza kati ya zinazoendelea kumiliki setilaiti ya mawasiliano ya ndani. Jina linatokana na kiapo cha Gajah Mada, waziri mkuu wa dola ya Majapahit katika karne ya 14, aliyeapa kutoonja palapa, neno linalotafsiriwa mara nyingi kuwa viungo vya chakula, hadi visiwa vyote viwe chini ya utawala mmoja.

Uamuzi wa kutumia setilaiti ulikuwa wa busara. Kutandaza nyaya na kusimika minara katika nchi yenye visiwa zaidi ya 17,000 kungechukua miongo. Setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta huiona nchi yote, toka Sabang upande wa magharibi hadi Merauke upande wa mashariki, na kisiwa cha mbali hakigharimu zaidi ya cha jirani. Palapa A1 ilikuwa na transponda 12, kila moja ikiweza kubeba chaneli ya televisheni ya rangi au mamia ya simu.

Televisheni ya taifa, TVRI, ilifaidika sana: habari za Jakarta zikaonekana mikoani papo hapo. Mwaka 1981 serikali iliondoa matangazo ya biashara TVRI, yasije yakawatamanisha wanavijiji vitu wasivyovimudu. Hakuna takwimu inayoonyesha vizuri zaidi jinsi televisheni ilivyokuwa imefika mbali.

Kisa cha Palapa B2 kinastahili kukumbukwa. Februari 1984 iliachwa angani na chombo cha anga cha Marekani, Challenger, injini yake ikashindwa kuifikisha kwenye mzingo uliokusudiwa. Novemba mwaka huohuo chombo kingine, Discovery, kiliifuata. Kifaa cha kuifungia kilipokataa kukaa, mwanaanga Joe Allen aliishika setilaiti kwa mikono kwa takriban saa moja na nusu huku Dale Gardner akiifunga. Ilirudishwa duniani, ikatengenezwa, ikarushwa tena mwaka 1990 kwa jina la Palapa B2R.

Palapa D ilirushwa mwaka 2009. Mrithi wake, Palapa-N1, alipotea Aprili 2020 roketi iliposhindwa, na watazamaji wakageuza madishi yao kuelekea setilaiti nyingine, Telkom-4.