Uzi: Kabla ulaumu mtu kwa unene wake, soma hii

Kila kampeni ikifika, unene, sukari na presha huletwa jukwaani. Upande mmoja unasema serikali kuu imelala, mwingine unasema wananchi ni wavivu. Mimi naona wote wanabisha mlango usio wake.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1913 daktari W. J. Simpson aliletwa na wakoloni kukagua miji yetu, akapendekeza watu watenganishwe kwa rangi, eti kwa sababu ya afya. Upande mmoja wa Nairobi ukapata miti na bustani. Eastlands, nilikokulia, ikapata vyumba vya vibarua. Leo ukiniambia nikimbie asubuhi, nitakuuliza wapi. Kati ya matatu na mtaro?

Baada ya uhuru, mabaraza ya kaunti ndiyo yaliyoendesha zahanati na shule za msingi. Tarehe 1 Januari 1970 serikali kuu ikayapokonya kazi hizo, isipokuwa miji michache mikubwa. Hapo ndipo tulizoea kuangalia juu kwa kila kitu.

Katiba ya 2010 iligeuza mambo, lakini sisi hatukugeuka. Soma Jedwali la Nne: afya ya msingi, leseni za wanaouzia umma chakula, bustani, viwanja vya michezo, mipango ya ardhi, chekechea. Zote za kaunti! Kwa hivyo nani anauza nini kwenye lango la shule, na kiwanja gani kinageuzwa ploti, ni swali la gavana na MCA wako.

Utafiti wa KDHS wa 2022 ulipata wanawake 45 kati ya 100, wa miaka 20 hadi 49, wamezidi uzito. Na ndiyo, wenye pesa ndio wengi zaidi, sikatai. Lakini mwenye pesa akipata sukari ana bima na daktari. Mama wa mtaani anapanga foleni zahanati, anaambiwa dawa zimeisha anunue nje. Halafu mnamwambia apike maharagwe saa mbili na makaa ya bei hii, wakati chipsi ziko tayari hapo mlangoni.

Mwaka jana nilienda kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti. Nikauliza kuhusu kiwanja chetu, nikaambiwa hiyo ni kazi ya serikali kuu. Tulikuwa watu kama ishirini hivi. Wakatugawia soda.