Hazina ya Rumanyika, Maktaba Isiyo na Karatasi

Aingiaye nyumba ya mwanachuoni wa Lamu au Unguja hutupia jicho vitabu kwanza, kwani alivyovihifadhi mtu humweleza kabla hajafungua kinywa. Ndani ya jalada pengine pana jina la mwenyewe, au neno la wakfu. Je, asiyekuwa na karatasi asomwe wapi?

Jibu limo Karagwe, magharibi ya Ziwa Viktoria. Huko Bweranyange, Omukama Rumanyika wa ukoo wa Bahinda alikuwa na nyumba ya hazina. Henry Stanley, aliyefika mwaka 1876, aliorodhesha humo bata 16 wa shaba ya manjano wenye mbawa za shaba nyekundu, ng'ombe 10 wa shaba wasio na vichwa, na mikuki ya kila namna. Mgeni alihesabu, mwenye mali alisoma. Ng'ombe ndio waliokuwa fahari ya nchi. Chuma nacho kilitaja nasaba: Ndagara, baba yake, hukumbukwa kuwa mfalme mhunzi, na nyundo katika nchi za Maziwa Makuu ni alama ya enzi, kama siwa ilivyokuwa Pate na Lamu.

Mwaka 1861 Rumanyika alimsimulia John Speke kwamba, baba yao alipofariki, wana waliogombea kiti waliwekewa ngoma ndogo iliyotiwa dawa. Wenzake walishindwa kuinyanyua. Yeye aliinyanyua kwa kidole kidogo. Ngoma ile ilikuwa hati ya urithi wake.

Wala kalamu haikuwa mbali. Kafuro, jirani na ikulu, palikaa wafanyabiashara Waarabu waliotoka pwani. Lakini hati za Rumanyika zilisomwa kwa ulimi wa wazee na waimbaji. Utawala wa machifu ulipofutwa baada ya Uhuru, chuma kilipoteza wasomaji wake. Leo nchi ile imo katika wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa iliyomegwa mwaka 2012, na kila mzee afaye pasipo kuulizwa huondoka na kurasa zake.

Mtu wa pwani asijione salama. Mjukuu aliyerithi kasha la tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, naye hazijui hati hizo, analitazama kasha la babu yake kama Stanley alivyoitazama nyumba ya Bweranyange: ataweza kuhesabu tu.