Kideri: Kuku Huchanjwa Wakiwa Wazima

Swali tunaloulizwa mara nyingi na wasikilizaji wanaofuga kuku wa kienyeji ni hili: dawa ya kideri ni ipi? Jibu ni fupi: haipo. Kideri, ambacho sehemu nyingine za Tanzania huitwa mdondo, hakina tiba. Kinga yake ya kutegemewa ni chanjo, na chanjo hiyo hutolewa kuku wakiwa wazima. Anayesubiri kuona kuku wakizubaa ndipo atafute chupa, amekwisha kuchelewa.

Ugonjwa huu ni upi?

Kideri husababishwa na kirusi. Wataalamu huuita ugonjwa wa Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ambako ulitambuliwa mwaka 1926. Kuku mgonjwa huzubaa, huacha kula, huhema kwa shida, huharisha kinyesi cha kijani, mabawa yake hushuka, na wengine hupooza miguu au kupinda shingo. Wapo wanaokufa ghafla bila dalili yoyote. Katika kundi ambalo halijachanjwa, wanaweza kufa karibu wote ndani ya siku chache. Kwa kaya nyingi, hiyo ndiyo ada ya shule, kitoweo cha mgeni na akiba ya dharura, vyote vimeondoka kwa wiki moja.

Mbona jirani alitumia mwarobaini na kuku wakapona?

Katika kila mlipuko huwapo kuku wachache wanaookoka wenyewe. Mfugaji aliyewapa mwarobaini, shubiri au pilipili huamini kuwa dawa imefanya kazi, lakini hahesabu wale waliokunywa dawa hiyohiyo wakafa. Dawa za antibiotiki nazo huua bakteria, haziui virusi. Fedha hiyo ingetosha kuchanja kuku kabla ya ugonjwa kufika.

Chanjo gani, na hutolewaje?

Inayofaa zaidi vijijini ni chanjo ya matone iitwayo I-2, ambayo hapa nchini hutengenezwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA). Inastahimili joto kuliko chanjo nyingi za zamani. Hata hivyo, jua huiharibu. Ibebe kivulini, ukiwa umeizungushia kitambaa chenye unyevu, na fuata maelekezo ya chupa kuhusu muda wa kuitumia baada ya kufunguliwa.

Kazi ifanyike alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa, au jioni wakisharudi bandani. Mtu mmoja amshike kuku na kumlaza kichwa ubavu, jicho moja likitazama juu. Mwingine aishike chupa wima, mdomo wake chini, na kudondosha tone moja katika jicho hilo. Subiri kuku apepese ndipo umwachie. Tone likianguka nje, rudia. Kipimo ni kilekile kwa jogoo, mtetea na kifaranga, hata wa siku moja. Nyama na mayai ya kuku waliochanjwa huliwa bila wasiwasi.

Kwa nini kurudia?

Kinga huchukua kati ya wiki moja na mbili kujengeka, kisha hupungua kadiri miezi inavyopita. Tena, kundi la kuku halikai lilivyo: vifaranga huanguliwa, wengine hununuliwa. Ukichanja mara moja kwa mwaka, baada ya miezi michache nusu ya kuku uani huenda hawajawahi kupata tone. Ndiyo maana hushauriwa kurudia kila baada ya miezi 3 hadi 4. Ratiba rahisi kukumbuka ni Januari, Mei na Septemba. Ikiwa mnajua kideri huingia kwenu mwezi fulani, hasa wakati wa kiangazi, chanjeni angalau mwezi mmoja kabla.

Nina kuku wanane tu, chupa nzima ya nini?

Chupa moja huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa kaya moja. Changeni fedha kaya kadhaa, mkubaliane siku moja na kumwita mchanjaji au ofisa ugani wa mifugo. Faida yake ni zaidi ya bei. Kuku wa kwako na wa jirani hula jalala moja, na uani kwa jirani asiyechanja ugonjwa utaendelea kupata nafasi.

Kideri kikishaingia kijijini

Usiuze kuku wagonjwa wala walio pamoja nao. Wengi hukimbilia mnadani ili kuokoa chochote, na hivyo ndivyo kirusi kinavyosafiri kwenye matenga ya kuku na matairi ya baiskeli hadi kijiji cha pili. Watenge wagonjwa. Mizoga ifukiwe shimo refu au ichomwe, asipewe mbwa. Safisha banda, osha viatu na mikono. Toa taarifa kwa ofisa mifugo haraka, kwa sababu mafua makali ya ndege hufanana sana na kideri, nayo yanaweza kumpata binadamu.

Kuku mgeni, awe wa kununua au wa zawadi, akae peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenzake. Na kabla hujafunga makala hii, hesabu: ni lini kuku wako walipata tone la mwisho? Kama hukumbuki, zungumza na majirani wiki hii.