Nongoloza na jeshi la magereza ya Afrika Kusini

Katika Gereza la Pollsmoor, Cape Town, mfungwa hujulikana kwa namba ya genge lake: 26, 27 au 28. Asiye na namba huitwa "frans", na ndani ya selo hana kauli.

Utaratibu huo una zaidi ya miaka 100. Mwanzilishi wake ni Mzuzephi Mathebula, Mzulu aliyezaliwa mwaka 1867. Alikuwa kijana mtunza farasi. Farasi mmoja alipopotea, mwajiri wake akamdai alipe. Akakimbilia Johannesburg, mji uliozaliwa na dhahabu ya mwaka 1886, akawa jambazi na kujiita Nongoloza.

Kwenye vilima vya kusini mwa mji aliunda kundi lililoitwa Waninawi, kutokana na Ninawi, mji wa kwenye Biblia uliomwasi Mungu. Alijitawaza mfalme, akateua mahakimu, majenerali na masajenti, akiiga dola ileile iliyokuwa ikimwinda.

Nongoloza alipofungwa, jeshi lake liliingia naye gerezani. Sheria za pasi, zilizowalazimu Waafrika kubeba vibali, zilikuwa zikijaza magereza vibarua Waafrika, na kila aliyetoka alisambaza utii kwa jeshi hilo migodini. Mwaka 1912 Nongoloza aliukana uasi, akapewa kazi ya kulinda wafungwa. Alifariki mwaka 1948, lakini jeshi lake lilikwisha kujifunza kuishi bila yeye.

Warithi wake wamegawana majukumu. Namba 26 hutafuta fedha na magendo. Namba 27 husimamia sheria za magenge na kulipiza kisasi kwa damu. Namba 28 hudai kupigania haki za wafungwa, ilhali ndani yake wapo wanaogeuzwa "wake" wa wakubwa. Wana mahakama, saluti na sare za kufikirika. Kwa miaka mingi, kumchoma kisu askari magereza kulikuwa njia ya kupanda cheo.

Tangu miaka ya 1990, magenge ya mitaa ya Cape Flats, Cape Town, yamejiunganisha na namba hizo, na fedha za dawa za kulevya zimeanza kununua vyeo vilivyokuwa vikilipiwa kwa damu.

Kumwongoa Nongoloza hakukuvunja jeshi lake, kwa sababu selo zilibaki zimefurika na wafungwa wakabaki bila ulinzi. Serikali isipotawala ndani ya selo, wafungwa watajitawala, na atakayeumia kwanza ni mnyonge.